Fedha za Nyumba Yako: Umwulize Nani?



Siku chache baada ya Pasaka alitujia ofisini mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu, ameshika bahasha ya karatasi mkononi. Mumewe alikuwa mtumishi wa Serikali. Alipofariki dunia, mama huyu alipokea mafao yake, akaazimu jambo moja tu: fedha ile iwasomeshe watoto, na kwanza kabisa imlipie ada mwanawe mkubwa, aliyekuwa karibu kuingia seminari ndogo.

Dominika moja, baada ya Misa, alimsikia mtu akiwaeleza waamini juu ya mpango wa kuweka fedha kwa ajili ya elimu ya watoto. Akajiandikisha. Kila mwezi akalipa shilingi 300,000, wala hakukosa hata mara moja. Baada ya miezi 14, yaani alipokwisha kutoa shilingi 4,200,000, alikwenda kuomba sehemu ya fedha hiyo ili alipe ada. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba alichokuwa akilipia si akiba, bali ni bima ya maisha ya miaka 12, na kwamba akiacha kulipa sasa hatarudishiwa kitu.

Tuliusoma mkataba wake tangu mwanzo hata mwisho. Mama huyu hakuibiwa. Kampuni ile ina leseni, mtu yule ni wakala halali, na sharti lile limeandikwa mkatabani, ila kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Sheria haikuvunjwa. Hata hivyo ada haipo, na mtoto amekaa nyumbani muhula mzima.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Misa ile tuliiadhimisha sisi. Sisi ndio tuliompa mtu yule dakika tano mbele ya waamini, kwa kuwa alikuwa nadhifu, alisema kwa upole, na tulijua kwamba anaimba katika kwaya ya parokia ya jirani. Mama yule alituambia bila hasira: "Padri, nilidhani mmekwisha kumchunguza." Hatukumchunguza. Hata tungalitaka kumchunguza, tusingalijua la kumwuliza.

Basi juma hili twapenda tujifunze pamoja namna ya kumchagua mtu wa kutushauri na kututumikia katika mambo ya fedha. Kosa la mama yule, na letu, halikuwa kumwamini mtu mbaya. Lilikuwa kumwuliza mtu mwema neno lisilo la kazi yake, bila kujua anamtumikia nani.

MZEE TOBITI NA MSAFIRI WAKE

Katika Maandiko Matakatifu tunaye mwalimu mzuri wa jambo hili. Ni mzee Tobiti. Yeye alikuwa ameweka fedha nyingi kwa Gabaeli, katika nchi ya mbali ya Umedi. Alipopofuka na kuwa maskini, alitaka mwanawe Tobia aende kuichukua. Lakini Tobia hakuijua njia, wala Gabaeli hakumjua Tobia. Mzee akamwagiza mwanawe atafute mtu mwaminifu wa kufuatana naye, naye atalipwa ujira wake.

Tobia akakutana na malaika Rafaeli katika umbo la kijana, asijue kuwa ni malaika. Angalieni sasa walivyofanya. Kwanza Tobia alimwuliza kama aijua njia ya kwenda Umedi. Kisha mzee Tobiti alimwuliza ni wa ukoo gani na wa kabila gani. Mwisho walipatana waziwazi juu ya ujira wake wa kila siku, kabla hawajaondoka. Malaika wa Mungu mwenyewe hakuona haya kuulizwa maswali haya matatu. Basi mwanadamu akikasirika kwa kuulizwa, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumwacha.

Tuyafuate maswali hayo matatu moja moja.

I. JE, WAIJUA NJIA HII?

Mgonjwa wa macho hapelekwi kwa mkunga, hata kama mkunga huyo ni hodari na mcha Mungu. Kadhalika katika fedha kuna mafundi wa namna nyingi, na kila mmoja ana njia yake. Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta mtu, keti na mwenzako mwulizane: fedha hii ni ya kazi gani, nasi tutaihitaji lini? Bwana wetu Yesu Kristu alitufundisha kwa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Haja za nyumba nyingi ni hizi tano.

Ya kwanza ni fedha itakayotumika karibu, kama ada ya mwakani au mbegu za msimu ujao. Mahali pake ni benki, au chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS. Benki husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Faida yake si kubwa, lakini fedha yapatikana siku ya haja. Fedha ya mama yule ilikuwa ya namna hii.

Ya pili ni kujikinga na msiba: kifo cha mlezi, moto, ugonjwa, ajali. Hiyo ndiyo kazi ya bima, nayo ni kazi njema. Baba ambaye mshahara wake ndio chakula cha watoto sita atafanya vizuri kufikiri juu ya bima ya maisha. Lakini asitegemee kuifungua mwakani kama kibubu. Katika mikataba mingi ya namna hii, aachaye kulipa katika miaka ya mwanzo hurudishiwa kidogo sana, au asirudishiwe kitu.

Ya tatu ni fedha iwezayo kukaa miaka mingi bila kuguswa, kama akiba ya uzeeni. Hapa ndipo penye hisa za makampuni, hati fungani za Serikali, na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998. Mfuko wa Umoja, uliokuwa wa kwanza katika mifuko ya UTT, ulianzishwa mwaka 2005. Watu wa kazi hii ni madalali wa soko la hisa, mameneja wa mifuko na washauri wa uwekezaji, nao hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Bei ya hisa hupanda na kushuka. Alazimikaye kuuza siku bei imeshuka, kwa kuwa mtoto amefukuzwa shule, amepata hasara ambayo mwenye subira asingeipata.

Ya nne ni mkopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoao huduma hizo katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zipokeazo amana. La pili ni makampuni na watu wakopeshao bila kupokea amana. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii, kama VICOBA. Yafaa kulikumbuka neno moja hapa: mkopeshaji wa daraja la pili hana ruhusa ya kupokea akiba za watu. Akisema, "Leta na akiba yako nikutunzie," amekwisha kutoka nje ya leseni yake.

Ya tano ni hesabu, kodi na mirathi. Mwenye duka au kiwanda kidogo amtafute mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kwa mambo ya kodi wapo washauri wa kodi waliosajiliwa na Mamlaka ya Mapato. Kwa wosia na mirathi, mtu wake ni wakili. Afisa wa benki aweza kukufungulia hesabu, lakini si kazi yake kukuandikia wosia.

II. WEWE NI WA NYUMBA GANI?

Mzee Tobiti aliuliza ukoo. Sisi siku hizi twauliza leseni. Nani amekuruhusu kufanya kazi hii? Jina lako limeandikwa wapi? Tukikutafuta mwakani tutakupata ofisi gani?

Usiridhike na karatasi uonyeshwayo, wala na picha katika simu. Nenda mwenyewe, au mtume kijana wako asomaye, aulize katika mamlaka inayohusika: Benki Kuu kwa benki na wakopeshaji, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kwa bima, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kwa hisa na mifuko. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kwa njia ya simu bila leseni. Watu wengi wamekwisha kuaibishwa kwa mikopo ya namna hii, jamaa na rafiki zao wakiandikiwa habari za madeni yao.

Wala tusisahau mambo ya DECI, ambayo Serikali iliyasimamisha mwaka 2009. Maelfu ya watu walitoa fedha wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu nao watavuna maradufu. Walioongoza shughuli ile walikuwa watu wa dini, na maneno yao yalikuwa ya dini. Lakini fedha ile haikuwa na shamba: aliyevuna leo alilipwa kwa fedha ya aliyepanda jana, na siku wapandaji walipopungua, mavuno yalikwisha. Upatu wa majirani kumi wajuanao, ambao kila mmoja hupokea kwa zamu yale yale aliyotoa, ni jambo jingine kabisa. Huo hauahidi kuzaa kitu, nao hutimiza ahadi yake.

Lakini je, leseni yatosha? Haitoshi. Leseni humwondoa mlaghai, haiondoi kila hatari. Mwezi Januari mwaka 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa kuwa mitaji yake haikutosha, na zote zilikuwa na leseni. Kwa ajili ya misiba kama hiyo iko Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kinga yake imepandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika benki. Mwenye zaidi ya hapo hana budi kungoja mali za benki ziuzwe. Kwa hiyo, ukibarikiwa kuwa na fedha nyingi, usiiweke yote katika chungu kimoja.

III. UJIRA WAKO NI NINI, NAWE WALIPWA NA NANI?

Swali hili ndilo twaliona gumu kuliko yote, maana Waafrika tumelelewa kutomwuliza mgeni habari za mapato yake. Lakini katika fedha, kutouliza si heshima.

Tutazame bima. Wakala wa bima ni mtumishi wa kampuni. Kampuni humlipa kamisheni kwa kila mkataba aletao. Dalali wa bima, kwa upande wake, ni mtu wa mteja: kazi yake ni kukutafutia kinga ikufaayo katika makampuni mbalimbali, ingawa naye mara nyingi hulipwa kamisheni na kampuni iuzayo. Wote wawili ni halali. Ila ukimwuliza wakala, "Je, ninunue bima au niweke benki?" umemwuliza mwuza samaki kama leo yafaa kula nyama.

Ndivyo ilivyo katika soko la hisa. Dalali hupata ada yake kila ununuapo na kila uuzapo. Mshauri wa uwekezaji hupata ada kwa ushauri wake. Meneja wa mfuko hukata sehemu ndogo ya mali ya mfuko kila mwaka. Hakuna aibu katika ujira. Mtenda kazi astahili ujira wake. Aibu ni kuuficha. Basi uliza bila woga: "Nikikubali jambo hili, wewe utapata kiasi gani, na kutoka kwa nani? Nisipokubali, utapata nini?" Mtu wa haki atajibu. Asiyejibu, mwambie asante, kisha umpe mkono wa kwaheri.

Kwa mkopo, uliza jumla, usiulize kiwango peke yake. Tuseme mtu akukopesha shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20. Neno "asilimia 20" laonekana dogo. Lakini je, ni kwa mwaka au kwa mwezi? Ikiwa ni kwa mwezi, riba ni shilingi 100,000 kila mwezi. Baada ya miezi mitano umekwisha kulipa riba ya shilingi 500,000, na deni lenyewe lingali zima. Mikopo hiyo ndiyo watu waiitayo kausha damu, na jina hilo laistahili. Tena usimwachie mkopeshaji yeyote kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Ampaye mtu hizo amempa ufunguo wa ghala.

NENO KWA MAPADRE, MAKATEKISTA NA VIONGOZI WA JUMUIYA

Ndugu zetu, tuseme ukweli. Watu wetu hawatofautishi tangazo letu na dhamana yetu. Tusimamapo kando ya mtu mbele ya altare, tumekwisha kumtia sahihi, hata kama hatukusema neno. Kwa hiyo sisi katika parokia yetu tumekata shauri kwamba mtu yeyote mwenye kuuza bima, mikopo au hisa hatapewa nafasi baada ya Misa. Akitaka kufundisha, aje siku ya semina, na siku hiyo tuwaite pia watu wa njia nyingine, na mtu wa mamlaka ikiwezekana, ili waamini wasikie pande zote na kuuliza.

Kadhalika, mtu asimchague mshauri kwa sababu ni Mkatoliki mwenzake, au ni shemeji, au wametoka kijiji kimoja. Imani na undugu vyaweza kutuhakikishia kwamba mtu hatatuibia. Haviwezi kutuhakikishia kwamba aijua njia ya Umedi.

NYUMBANI

Imebaki tuseme mambo manne ya kufanya nyumbani.

Kwanza, mume na mke waamue pamoja. Tumeona nyumba nyingi ambazo baba aliweka sahihi peke yake, na mama akajua habari siku ya kuja dalali wa mnada. Mjane au mtu asiye na mwenzi amchukue ndugu mmoja amwaminiye, aketi naye anaposikiliza.

Pili, usiweke sahihi siku ile ile. Lala, uamke, usali, ufikiri. Neno jema leo litakuwa jema hata juma lijalo. Asemaye, "Mwisho ni leo saa kumi," hasemi kwa faida yako.

Tatu, mkataba usomwe wote, kwa lugha uijuayo. Kama umeandikwa kwa Kiingereza nawe hukijui, mtafute mwalimu au wakili akufasirie, hasa mahali palipoandikwa habari za kuacha au kuvunja mkataba. Kisha upewe nakala yako. Hati ya mzee Tobiti na Gabaeli iligawanywa vipande viwili, kila mmoja akashika chake. Na kwa hati hiyo Rafaeli, aliyetumwa na Tobia, alipewa fedha baada ya miaka 20.

Nne, andika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, aliyechapisha kitabu chake cha hesabu katika mji wa Venice mwaka 1494, aliwaeleza wafanyabiashara namna ya kuandika kila fedha iingiayo na itokayo. Nyumba yako haihitaji kitabu kikubwa kama chake. Daftari la shilingi mia chache latosha, mradi liandikwe kila siku, na stakabadhi zitunzwe. Ukitendewa visivyo, stakabadhi hizo ndizo zitakazokusemea mbele ya mamlaka. Kwa ugomvi wa bima iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Si lazima kuanzia mahakamani.

Mama yule tulifuatana naye hadi ofisi ya kampuni. Walitupokea kwa adabu, wakatuonyesha ukurasa ule ule, na fedha haikurudi. Ada ya muhula huu wanaparokia wameichanga, nasi tumetoa sehemu yetu kama malipo ya kosa letu. Tulipomwuliza kama yuko radhi tuandike habari zake bila kutaja jina, alijibu kwamba yuko radhi, ila tusiandike kwamba alikuwa mjinga. Twaandika basi kama alivyotuagiza: hakuwa mjinga. Alikosa mtu wa kumfundisha maswali matatu, na waliopaswa kumfundisha walikuwa wameketi nyuma ya altare wakitikisa vichwa kwa kukubali.

Mungu Mwenyezi azibariki nyumba zenu, na malaika Rafaeli awaongoze katika njia zote.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Fedha tuliyo nayo sasa ni ya haja ipi katika zile tano? Tutaihitaji mwezi gani?
2. Kila mtu ashikaye fedha yetu leo (benki, chama, wakala, kikundi) amepewa ruhusa na nani? Tumekwisha kuhakikisha wenyewe?
3. Mtu wa mwisho aliyetushauri juu ya fedha alilipwa na nani?
4. Mikataba yetu iko wapi? Nani mwingine katika nyumba ajua mahali ilipo?